Janusz Korczak

Janusz Korczak (jina la kuzaliwa: Henryk Goldszmit, Warsaw, 22 Julai 1878 au 1879 – Treblinka, Agosti 1942) alikuwa daktari wa watoto, mwandishi na mlezi wa watoto yatima nchini Polandi. Kwa miaka 30 aliongoza Dom Sierot (yaani "Nyumba ya Yatima"), makao ya watoto wa Kiyahudi mjini Warsaw.

Anajulikana duniani hasa kwa vitabu vyake vya watoto na kwa kuwa alikataa kuwaacha yatima wake walipopelekwa kuuawa na Wanazi. Kwa wale wanaofanya kazi katika ustawi wa watoto, jina lake lina uzito pia kwa jambo lisilotajwa sana: namna alivyowasimamia walezi waliofanya kazi chini yake, na namna alivyokubali yeye mwenyewe kusimamiwa, hata na watoto.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi iliyokuwa imezoea lugha na utamaduni wa Kipolandi. Wakati ule Warsaw ilikuwa chini ya Dola la Urusi. Mwaka wa kuzaliwa kwake hauna hakika kwa sababu baba yake, mwanasheria Józef Goldszmit, alichelewa kumwandikishia cheti.

Baba huyo alipatwa na maradhi ya akili, akalazwa hospitalini mara kadhaa, akafariki mwaka 1896. Mali ya familia ilikwisha upesi. Henryk, akiwa bado mwanafunzi, alianza kufundisha watoto wa matajiri nyumbani kwao ili kumsaidia mama yake, Cecylia. Kazi hiyo ya kutafuta riziki ndiyo iliyomkutanisha na malezi kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1898 aliingia Chuo Kikuu cha Warsaw kusomea udaktari. Mwaka huohuo alishiriki shindano la waandishi kwa jina la Janusz Korczak, alilolitoa katika riwaya ya Józef Ignacy Kraszewski. Jina hilo la kalamu likamganda, hata wengi hawakulijua lile la kuzaliwa.

Alihitimu mwaka 1905, akaajiriwa katika hospitali ya watoto ya Berson na Bauman iliyowahudumia hasa watoto wa Kiyahudi. Muda si mrefu aliitwa jeshini kama daktari katika Vita vya Urusi na Japani. Aliporudi mwaka 1906 aliendelea na kazi ya hospitali. Alisafiri pia Berlin, Paris na London ili kuongeza ujuzi na kuona jinsi wengine walivyowahudumia watoto.

Kushindwa kambini

Mwaka 1904, na tena 1907 na 1908, Korczak alikuwa mlezi katika kambi za mapumziko ambako watoto maskini wa mjini walipelekwa mashambani kupata hewa safi. Alifika kambi ya kwanza na nia njema, lakini bila maandalizi. Hakuwa amejifunza majina ya watoto, wala hakujua nani alale wapi au nani aketi na nani mezani. Vurugu zilipozuka bwenini usiku, alimkamata mtoto mmoja, akamvuta masikio na kutisha kumtoa nje barazani alikokuwa mbwa mkali.

Baadaye aliisimulia aibu hiyo kirefu katika maandishi yake kwa walezi, bila kuwatupia watoto lawama. Alieleza kwamba mlezi asiyejua kazi yake huingiwa na hofu, na kwamba hofu hiyo ndiyo humfanya kuwa mkali. Ukatili katika makao ya watoto, kwa maoni yake, mara nyingi hauanzi na mtu mwenye moyo mbaya. Huanza na mtu aliyechoka, aliyeachwa peke yake na watoto wengi kupita kiasi, asiye na mwenzake wa kumweleza yaliyomshinda. Karibu kila utaratibu aliouanzisha baadaye unaweza kusomwa kama jibu kwa tatizo hilo.

Dom Sierot

Mnamo mwaka 1909 Korczak alianza kushirikiana na Shirika la Kusaidia Yatima, lililokuwa na makao madogo katika mtaa wa Franciszkańska. Huko alikutana na Stefania Wilczyńska (1886–1942), aliyekuwa amesomea sayansi ya viumbe mjini Liège, Ubelgiji, na aliyekuwa akijitolea kuwahudumia watoto hao.

Shirika lilipata fedha za kujenga nyumba mpya katika mtaa wa Krochmalna, namba 92. Jengo lilikuwa na mwanga wa kutosha, maji ya bomba, bafu na umeme, mambo ambayo watoto wale hawakuwa wameyazoea. Watoto walihamia humo Oktoba 1912. Korczak akawa mkurugenzi, Wilczyńska akawa mlezi mkuu. Daktari aliacha kazi ya hospitali na kuhamia katika chumba kidogo cha darini.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu kuliko wote. Watoto walioletwa kutoka makao ya zamani hawakuzipenda sheria mpya, wakafanya mgomo wa chinichini dhidi ya walezi. Korczak alikiri kwamba alidhani jengo zuri lingefanya nusu ya kazi, kumbe sivyo. Kilichoisaidia nyumba kusimama ni utaratibu wa zamu: kila mtoto, mkubwa kwa mdogo, alikuwa na kazi yake ya kufagia, kuosha, kupanga vitabu au kuhudumu mezani.

Nyumba ililea watoto wapatao 100 wenye umri wa miaka 7 hadi 14, na watumishi wa kulipwa walikuwa wachache sana. Ufagio na kitambaa cha kufutia viliwekwa mahali pa heshima, si kufichwa nyuma ya mlango, na meza iliyofutwa vizuri ilihesabiwa kuwa kazi sawa na ukurasa ulioandikwa vizuri. Agizo hilo liliwahusu walezi pia. Korczak alichukia mgawanyiko aliouona katika taasisi nyingine, ambamo waliosoma walitoa amri huku wahudumu wa ngazi ya chini, wenye mishahara duni, wakibeba watoto, uchafu na lawama zote. Alisema mtumishi anayedharauliwa na wakubwa wake hatakosa mdogo wa kumdharau, na katika makao ya watoto mdogo huyo anajulikana.

Yeye mwenyewe alikusanya vyombo mezani baada ya chakula. Wageni walishangaa kumwona mkurugenzi akibeba rundo la sahani. Katika shajara yake ya mwaka 1942 alitoa sababu: akikusanya vyombo huona sahani zilizopasuka na vijiko vilivyopinda, hujua nani amekaa karibu na nani, nani amebakiza chakula, na kama wanaogawa nyongeza wanagawa kwa haki. Kila wiki pia aliwapima watoto uzito kwa mkono wake na kuandika kwenye chati. Msimamizi wa namna hiyo hahitaji ripoti ndefu ili ajue kama jikoni kuna wizi.

Mahakama iliyowahusu hata wakubwa

Utaratibu maarufu zaidi wa Dom Sierot ulikuwa mahakama ya watoto. Waamuzi walikuwa watoto watano waliochaguliwa kwa kura ya bahati kati ya wale ambao hawakuwa na kesi wiki hiyo. Mlezi mmoja alikuwa katibu, akikusanya ushahidi, lakini hakuwa na kura.

Kanuni zake zilihesabiwa hadi kifungu cha 1000. Vifungu vyote vya mwanzo, hadi 99, vilikuwa vya kusamehe au kufuta kesi. Kuanzia 100 mahakama ilitamka kwamba haisamehe, kisha lawama ikaongezeka hatua kwa hatua. Kifungu cha 1000 kilimaanisha kufukuzwa katika nyumba, na hakikutumika ovyo.

Mwanzoni mahakama haikwenda vizuri. Baadhi ya watoto waliidharau, wengine waliitumia kulipiza visasi, na Korczak akaisimamisha kwa wiki nne. Ilipofunguliwa tena ilikuwa na mabadiliko, na moja kati yake ndilo lililokuwa zito: watoto walipewa haki ya kuwashtaki watu wazima na wafanyakazi wa nyumba.

Korczak hakujitoa. Katika nusu mwaka mambo yake yalifika mbele ya waamuzi mara tano: kwa kumpiga mtoto kofi la sikio, kwa kumtoa mtoto bwenini, kwa kumweka mwingine kwenye kona, kwa kumtukana mwamuzi, na kwa kumshuku msichana wizi. Kesi hizo ziliisha kwa vifungu vya msamaha, lakini alizihesabu kuwa msingi wa malezi yake mwenyewe. Alieleza kwamba zilimfanya awe mlezi wa kikatiba, asiyewadhulumu watoto si kwa sababu anawapenda tu, bali kwa sababu kuna chombo kinachowakinga na ubabe wake.

Hoja hiyo ndiyo inayomtofautisha na walezi wengi mashuhuri wa wakati wake. Wengi waliamini kwamba ukimpata mtu mwema, mtoto yuko salama. Korczak, ambaye kila mtu alimwita mtu mwema, hakuona wema kuwa ulinzi wa kutosha, hata wema wake.

Vipo vyombo vingine katika nyumba hiyo: bunge la watoto lenye wajumbe 20, gazeti la nyumba lililosomwa kwa sauti kila Jumamosi, ubao wa matangazo, na sanduku la barua ambamo mtoto aliweza kuandika shida yake kwa mlezi badala ya kumkimbilia wakati ana kazi. Mtoto mgeni alikabidhiwa kwa mtoto mkubwa aliyemwongoza kwa miezi mitatu.

Bursa na madaftari

Mwaka 1923 ilianzishwa bursa ndani ya Dom Sierot, yaani bweni la walezi vijana. Baadhi yao walikuwa yatima waliolelewa humo na kufikia umri wa kuondoka, wengine walikuwa wanafunzi kutoka nje waliotaka kujifunza kazi. Walipewa chumba na chakula, nao wakafanya kazi na watoto kwa saa chache kila siku: kuamsha, kusaidia masomo, kusimamia zamu, kulaza.

Kila mwanabursa alikuwa na daftari. Humo aliandika aliyoyaona siku hiyo, magumu aliyokutana nayo, maswali, hata malalamiko juu ya sheria za nyumba. Madaftari yalikabidhiwa kwa uongozi. Usiku, watoto wakiwa wamelala, Wilczyńska aliyasoma na kuandika majibu, mara ushauri, mara karipio, mara swali la kumrudisha mwandishi aangalie tena. Korczak naye aliandika maoni yake. Mara moja kwa wiki wote walikutana jioni, na yale yaliyojitokeza madaftarini yakajadiliwa mbele ya wenzao.

Leo jambo hilo lingeitwa usimamizi wa kitaalamu, na linafundishwa katika vyuo vya ustawi wa jamii: mfanyakazi hupewa wakati maalumu wa kueleza kesi zake na hisia zake kwa mtu mwenye uzoefu, ili asibaki peke yake na mzigo. Katika Warsaw ya miaka ya 1920 makao mengi yalimfahamu mkaguzi tu, yule anayekuja kuhesabu mashuka. Daftari la bursa lilikuwa kitu kingine. Lilimlazimisha kijana aeleze kilichotokea kabla ya kusema anachofikiri. Mwanabursa aliyeandika kwamba mtoto fulani ni mkaidi aliulizwa mtoto huyo alifanya nini hasa, saa ngapi, na nini kilitangulia. Udaktari wa Korczak unaonekana hapa: alitaka dalili zije kabla ya jina la ugonjwa. Mfano wa uandishi wa aina hiyo aliutoa katika kijitabu chake *Momenty wychowawcze* (1919), chenye kumbukumbu za matukio madogo na maelezo yake.

Katika kitabu chake kikubwa cha malezi, *Jak kochać dziecko* (Jinsi ya kumpenda mtoto), alichokiandika kwa sehemu kubwa akiwa daktari wa jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza, aliwasihi walezi vijana wajifahamu wenyewe kabla ya kutaka kuwafahamu watoto. Alikubali kwamba mlezi huchoka, hukasirika, huwa na mtoto anayempenda zaidi na mwingine asiyeweza kumvumilia. Kuyaficha hayo ndiko alikokuona kuwa hatari. Aliandika kwamba mlezi mzuri na mlezi mbaya wote hukosea, na tofauti yao iko katika idadi ya makosa na katika kama mtu anayakumbuka.

Mchango wa Bi Stefa

Historia nyingi humsifu Korczak kwa utaratibu huu wote. Si haki kamili. Yeye alikuwa na hospitali, vita, vitabu, mihadhara na redio. Aliyekuwapo nyumbani kila siku, tangu alfajiri hadi taa za mwisho, ni Stefania Wilczyńska, ambaye watoto walimwita Bi Stefa. Korczak alipochukuliwa jeshini mwaka 1914, mwanamke huyo aliendesha nyumba peke yake kwa miaka ya vita, pamoja na njaa na maradhi yake, na aliporudi mwaka 1918 aliikuta imesimama.

Wanabursa walimwogopa kuliko walivyomwogopa daktari. Alijua nani amechelewa, shati la nani halina kifungo, na daftari la nani halikuletwa. Baadhi walimwona mkali kupita kiasi. Wengine, walipokuwa walezi wenyewe mahali pengine, walitambua kwamba maneno aliyowaandikia usiku ndiyo yaliyowafundisha kazi.

Nasz Dom, ualimu na uandishi

Akiwa Kiev wakati wa vita, Korczak alimfahamu Maria Falska, aliyekuwa akiongoza makao ya wavulana wa Kipolandi. Mwaka 1919 walishirikiana kuanzisha Nasz Dom ("Nyumba Yetu") huko Pruszków, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa Kipolandi, na mwaka 1928 makao hayo yalihamia Bielany, Warsaw. Mahakama na zamu zilitumika huko pia. Baadaye walitofautiana kuhusu mwelekeo wa nyumba, na mwaka 1936 Korczak alijitenga nayo.

Mwaka 1920 aliugua tifasi, aliyoipata akiwahudumia askari. Mama yake alimuuguza, akaambukizwa na kufariki. Korczak alibeba huzuni hiyo maisha yake yote.

Alifundisha katika Taasisi ya Elimu Maalumu iliyoanzishwa na Maria Grzegorzewska mwaka 1922, na katika vyuo vingine. Inasimuliwa kwamba somo lake la kwanza alilifanyia katika chumba cha eksirei: alimsimamisha mtoto mdogo nyuma ya kioo ili wanafunzi waone moyo wake ukidunda kwa hofu mbele ya wageni, akawaambia waukumbuke moyo huo siku watakapotaka kuinua mkono. Alikuwa pia mshauri wa mahakama ya watoto wakosaji.

Riwaya yake *Król Maciuś Pierwszy* (Mfalme Maciuś wa Kwanza), juu ya mtoto anayerithi ufalme na kutaka kuleta mageuzi, ilitoka mnamo 1923 na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka 1926 alianzisha *Mały Przegląd*, gazeti lililoandikwa na watoto wenyewe na kutolewa kila wiki hadi vita vya 1939. Katika *Prawo dziecka do szacunku* (1929) alitetea haki ya mtoto ya kuheshimiwa kama mtu wa leo, si wa kesho tu. Katika miaka ya 1930 alizungumza redioni kwa jina la Daktari Mzee, bila kutajwa jina lake halisi, hadi chuki dhidi ya Wayahudi ilipochangia kumwondoa mwaka 1936. Alirudishwa kwa muda baadaye.

Wakosoaji hawakukosekana. Wanabursa wenye msimamo wa kikomunisti walilalamika kwamba nyumba iliwalea watoto katika haki isiyokuwapo nje ya lango, kisha ikawaachia mtaani wakiwa na miaka 14 bila silaha ya siasa wala kazi. Lawama hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Vijana waliotoka Krochmalna waliingia katika mji wenye ukosefu wa ajira na ubaguzi.

Ghetto na makao ya Dzielna

Wajerumani waliivamia Polandi Septemba 1939. Mwaka uliofuata waliwafungia Wayahudi wa Warsaw katika ghetto, na Dom Sierot ikalazimika kuhamia mtaa wa Chłodna. Siku ya kuhama, gari la viazi vya watoto lilinyang'anywa. Korczak alikwenda kulalamika akiwa hajavaa kitambaa cha mkononi kilichoamriwa kwa Wayahudi, akafungwa katika gereza la Pawiak. Aliachiliwa akiwa mgonjwa. Oktoba 1941 nyumba ilihamishwa tena, hadi jengo la mtaa wa Sienna, katika ghetto iliyopunguzwa. Idadi ya watoto ilifika 200 hivi. Mahakama, gazeti na zamu ziliendelea.

Katika ghetto hiyohiyo kulikuwa na makao makuu ya watoto waliookotwa, katika mtaa wa Dzielna, namba 39, yenye watoto wapatao 1000. Huko watoto walikufa kila siku kwa njaa, baridi na uchafu, na sehemu ya chakula kidogo kilichofika iliibwa na baadhi ya watumishi. Februari 1942 Korczak, akiwa mzee, mgonjwa wa moyo na mwenye miguu iliyovimba, aliomba kazi huko. Barua yake kwa ofisi ya ajira ilikuwa ya ajabu: alijieleza kwa kejeli, akataja kasoro zake, akaomba muda wa majaribio kwa malipo ya kitanda na milo miwili kwa siku.

Aliyoyaona Dzielna yamejaa katika shajara yake. Hapakuwa na daftari, mkutano wala mtu wa kuuliza. Wafanyakazi waadilifu, waliobeba kazi za wenzao, walichoka na kufa kwanza, huku wezi wakibaki na kushika nafasi. Watumishi wa zamani walimpokea kwa uadui. Alijaribu kuwaondoa wabaya na kuwapa nguvu wachache wema, akafanikiwa kidogo tu. Kwa kuwa njaa ya ghetto ilikuwa amri ya Wanazi, hakuna usimamizi wowote ambao ungeitibu. Hata hivyo, Dom Sierot, yenye njaa ileile na kuta zilezile za ghetto, haikugeuka kuwa Dzielna, na Korczak aliiona tofauti hiyo kwa macho yake kila alipotembea kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Kifo

Marafiki upande wa pili wa ukuta walijaribu mara kadhaa kumtorosha. Alikataa. Wilczyńska pia alikuwa na njia ya kupona: aliwahi kuhamia Palestina mwaka 1938, lakini alirudi Warsaw miezi michache kabla ya vita.

Tarehe 18 Julai 1942 watoto waliigiza tamthilia ya Rabindranath Tagore juu ya mtoto mgonjwa anayengoja barua ya mfalme. Siku nne baadaye Wanazi walianza kuwasafirisha Wayahudi wa ghetto. Mapema Agosti, tarehe 5 au 6, watoto wa Dom Sierot walipangwa mistari na kutembezwa hadi kituo cha treni. Korczak, Wilczyńska na walezi wengine wa nyumba walikwenda pamoja nao. Wote waliuawa katika kambi ya Treblinka. Mwaka 2015 mahakama ya Polandi iliamua tarehe rasmi ya kifo chake iwe 7 Agosti 1942.

Wale walezi wengine hawatajwi mara nyingi. Wengi wao walikuwa vijana waliopitia bursa au waliolelewa nyumbani humo, na wao pia hawakuwaacha watoto.

Urithi

Shajara ya miezi ya mwisho ilipelekwa kwa siri Bielany na kufichwa ndani ya ukuta wa Nasz Dom. Ilichapishwa mwaka 1958. Huko Treblinka, kati ya mawe maelfu yanayokumbuka miji na vijiji, jiwe moja tu lina jina la mtu: lake, pamoja na watoto.

Mwaka 1978 Polandi ilipendekeza kwa Umoja wa Mataifa mkataba wa haki za mtoto, na mawazo ya Korczak yalikuwa sehemu ya msukumo huo. Mkataba wa Haki za Mtoto ulipitishwa mwaka 1989. Kenya iliuridhia mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991. Ibara yake ya 3 inazitaka nchi zihakikishe kwamba taasisi za kulea watoto zinafuata viwango vilivyowekwa, ikiwa ni pamoja na idadi na ufaafu wa wafanyakazi wake na usimamizi unaostahili.

Mwaka 1990 mwongozaji Andrzej Wajda alitoa filamu juu ya maisha yake. Jengo la Dom Sierot liliharibiwa vitani, lakini lilikarabatiwa. Anwani yake sasa ni mtaa wa Jaktorowska, namba 6, ambako pia kuna kituo cha utafiti na kumbukumbu kiitwacho Korczakianum.